Kiwembe, Hariri na Funguo za Mama Mkwe

Jumamosi, jioni, Kilwa Masoko.

Joto la leo halina adabu. Kuku wamejilaza kivulini mabawa wazi, mawingu yamejazana tangu adhuhuri na mvua haitaki kushuka. Mwanangu Nasra anaota jino la juu. Wiki nzima sijalala usingizi wa maana, macho yananiwasha kama mtu aliyepikia kuni mbichi, na hapa naandika kwenye simu kwa kidole kimoja kwa sababu mkono mwingine umemshika yeye. Amelala kifuani kwangu, ute wake umenilowanisha mpaka begani.

Lakini leo nina furaha, shajara yangu. Furaha ile ya kutaka kutoka nje nipige vigelegele bila kuulizwa.

Nimeshinda.

Tena nimeshinda kwa wimbo ambao hakuna dijei wa hapa aliyewahi kuupiga mpaka mwisho.

Nianze na wenye nyimbo wenyewe, Tatu Kiwembe na Dulla Hariri. Mtu wa pwani hii haulizi hao ni akina nani. Mimi nimekua nao. Nyumbani kwetu Kivinje mama yangu alikuwa na kaseti za Kiwembe, baba ana za Hariri, na redio ilikuwa moja, kwa hiyo unaweza kufikiria. Kiwembe sauti yake ina makali, anaimba kama anakunyooshea kidole. Harusi bila Kiwembe watu wanajiona wamekula wali wa msiba. Hariri ni laini, anaimba kama anakufunika shuka. Kina mama watu wazima wakimsikia wanashika tama.

Nyimbo zao kubwa siziongelei, hizo hata mbuzi wa sokoni anazijua. Naongelea mbili ambazo watu hawazijali sana. Wa Kiwembe unaitwa "Funguo za Ndani", ni wa mwisho kabisa kwenye kaseti yake ya kwanza, kabla hajawa mtu mkubwa. Wa Hariri ni "Uji wa Alfajiri", ule usio na ngoma, gitaa na filimbi tu. Wengi wakiufikia wanauruka waende kwenye wa kucheza.

Mimi nimezisikiliza wiki hii mpaka sikio limeniuma. Sababu yenyewe ni hii.

Kwanza mambo ya sinia, kwa msomaji wa mbali. Siku hizi bendi ni gharama, harusini tunapiga spika. Sasa utamtunza nani wakati mwimbaji hayupo? Mtaani kwetu tunaweka sinia juu ya spika. Wimbo ukikugusa unainuka na noti yako, unacheza taratibu mpaka pale, unaiweka. Ukishaiweka, wimbo ni wako. Maneno yake umeyasema wewe kwa mdomo wako. Na watu wote wanageuka kutazama macho yako yanaelekea wapi, maana utakayemtazama ndiye uliyemwambia. Kuna wanawake hapa hawasemeshani toka mimi sijaolewa, kwa ajili ya noti moja ya kwenye sinia.

Hayo nayajua. Nayajua vizuri kabisa. Ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka naona kama ilikuwa ndoto.

Jumamosi iliyopita ilikuwa harusi ya binti wa jirani. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, ndiye somo wa bi harusi, yaani ndiye aliyemfunda. Siku hiyo alikaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa, khanga mpya, wanja, mtu na heshima zake. Mimi nilikaa nyuma yake na Nasra. Mara akanigeukia, akanipa noti.

"Nenda kamtunze mwanangu kwa niaba yangu. Miguu imenivimba."

Nikainuka. Njia ya kwenda kwa bi harusi inapita kwenye spika. Nilipofika hapo Nasra akashtuka na ule mdundo, akajinyonganyonga, akatapika maziwa yote shingoni kwangu, halafu akaanza kuteleza. Mkono mmoja una noti, mwingine una mtoto anayeponyoka kama samaki. Nikaiweka noti juu ya kitu bapa cha kwanza nilichokiona, nikamdaka mwanangu kwa mikono miwili, nikageuka kumtafuta mama mkwe, nikamnyooshea mkono anipe khanga ya kufutia.

Kitu bapa kilikuwa sinia.

Na wimbo ulikuwa "Funguo za Ndani", pale pale kwenye kiitikio:

"Funguo za ndani ninazo mimi,
ukigonga usiku mfunguaji mimi,
unune, ucheke, mwenye nyumba mimi."

Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia hata siku niliyoolewa mwenyewe. Safu ya nyuma wote wakasimama. "Mpe! Mpe vidonge vyake!" "Mkamwana kachoka jamani, mwacheni aseme!" Mwingine akaja mbio kuongeza noti yake juu ya yangu. Na Mbwana Spika, dijei wetu, mwanaume mzima na kitambi chake, akaurudisha wimbo mwanzo ili watu wafaidi.

Bi Somoe akageuza uso. Alitazama mbele mpaka shughuli ikaisha.

Nyumbani ndipo aliposema. Alifungua kona ya khanga yake, ile anayofungia funguo: wa kabati la vyombo, wa stoo, na ule mdogo wa kabati la sukari. Akazitupa mkekani mbele yangu.

"Chukua. Si zako?"

"Mama, wallahi sikutunza. Nasra alitapika."

"Na mkono ulioninyooshea, nao ulitapika?"

"Nilikuwa naomba khanga."

"Tena noti ilikuwa yangu," akasema, na hapo sauti ikamkatika kidogo. "Umenitukana kwa noti yangu mwenyewe."

Nikacheka.

Sikukusudia. Usingizi ulikuwa umenizidi, lile neno likaniingia vibaya, kicheko kikatoka chenyewe. Hicho ndicho kilichoharibu kabisa.

Toka siku hiyo akaacha kula chakula changu. Akatoa jiko lake la mkaa nje, sufuria yake, chumvi yake. Mimi hanisemeshi, akawa anasema na Nasra. "Nasra, mwulize mwenye nyumba kama sisi wapangaji tunaruhusiwa kuchota maji." "Nasra, mwambie mwenye funguo mlango wa choo haufungiki vizuri, aje atengeneze nyumba yake." Nasra anamchekea, meno mawili ya chini yanang'aa. Mimi naosha vyombo, nameza mate.

Funguo hakuna aliyezigusa. Zilikaa mkekani, baadaye Nasra alipoanza kuzitia mdomoni nikazisogeza kwenye rafu, basi. Vikombe vizuri vimefungiwa kabatini, tukawa tunanywea vya plastiki. Chai hatuweki sukari, maana kila mmoja anaona atakayelifungua lile kabati ndiye atakuwa amekubali makosa. Ungekuja kwangu wiki hii ungedhani tuna kisukari.

Katikati ya wiki nikamsikia anamwambia Nasra kwamba bibi anarudi kwao Kipatimu. Somo ndiye anayemtoa bi harusi ndani fungate ikiisha, kwa hiyo atavumilia mpaka Jumamosi, Jumapili asubuhi anapanda gari. Kule kuna michungwa yake, kuna mdogo wake, kuna watu wanaojua kukaa na mtu mzima. Begi likasimama karibu na mlango, limefungwa kamba.

Shida yangu niiseme wazi. Mimi nakaanga vitumbua alfajiri. Baba Nasra yuko Lindi mjini, anafanya kazi gereji. Bi Somoe akiondoka sina wa kumshika mtoto mbele ya mafuta yanayochemka, na biashara yangu imekufa. Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba huyu mama alinipokea. Nilipojifungua Nasra ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto mpaka arobaini ikatoka, akaninywesha mchuzi wa pilipili manga kwa mkono wake. Nilikuwa nalia bila kujua nalilia nini, akaniambia, "Lia tu, hata mimi nililia." Mama yangu mzazi hayupo duniani. Nikimpoteza na huyu nina nani?

Nilimpigia Baba Nasra. Akasema, "Nyie wanawake mtaelewana tu. Mwambie mama mwisho wa mwezi nakuja."

Nikamfuata mwenyewe jikoni kwake, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Hapo alinijibu mimi, bila kumpitia Nasra.

"Umenisema mbele za watu. Radhi unaniomba mbele ya sufuria?"

Alikuwa na haki. 

Asha, shoga yangu wa nyumba ya pili, akaja na dawa. "We nawe! Kumtoa bi harusi si Jumamosi? Spika si ile ile, sinia si lile lile? Mwambie Mbwana apige 'Uji wa Alfajiri'. Mkweo anaupenda mpaka anauota. Unaweka noti, unamtazama, unatoa chozi moja tu, moja, usizidishe. Kazi imekwisha."

Ushauri mzuri. Bi Somoe kweli anaupenda. Kila asubuhi akimkorogea Nasra uji anauweka kwenye kisimu chake cha tochi, anapuliza uji na kuimba, anaimba na kupuliza. Hata wiki hii ya kununa hakuacha. Namsikia huko uani, nikichungulia namwona amemweka Nasra mapajani, akidhani simwoni ananusa utosi wake na kujifuta macho, mimi nikadhani ni moshi wa mkaa.

Ila safari hii sikutaka kuweka noti kwenye wimbo nisioujua mwisho wake. Mchana, Nasra ananyonya, nikaweka waya sikioni nikasikiliza kama mtu anayefanya mtihani. Mimi mtihani wangu wa mwisho ulikuwa wa kidato cha pili, lakini kusikiliza sikufundishwa na mtu.

Nikaanza na Hariri. Sauti sina la kusema, yule baba Mungu kampa. Filimbi inaingia kama mtu anayechungulia mlangoni, halafu yeye:

"Uji wa alfajiri, mama, uliupoza kwa pumzi yako,
mvua ikikatika nakuja, nikae miguuni pako."

Nikalia. Kwa uchovu niliokuwa nao ningelilia hata tangazo la sabuni. Nikaurudia, safari hii nikaiacha sauti nikafuata maneno. Beti ya kwanza, mvua ikikatika anakuja. Beti ya pili mama ameongeza kuni, mvua ikikatika anakuja. Beti ya mwisho uji umepoa, umeshika ngozi juu, mama kazeeka, na yeye bado anasema mvua ikikatika. Halafu filimbi, halafu kimya.

Hakuja.

Wimbo mzima mtu hainuki alipokaa! Anamsifia mama kwa mbali, kwa sauti ya asali, lakini kuni hajaleta hata kijiti. Nikamkumbuka Baba Nasra na mwisho wa mwezi wake. (Nampenda mume wangu, asome asisome.) Nikawaza, Bi Somoe tayari ana mtu wa kumwimbia akiwa mbali. Nikiweka noti kwenye wimbo huu nitakuwa wa pili. Chozi langu moja la Asha atalifuta kwa upindo wa khanga, na asubuhi atapanda gari lake.

Sasa Kiwembe. Kwenye simu yangu nilikuwa na ule mfupi tu wanaopiga madijei: beti mbili, kiitikio, kiitikio, basi. Nikatafuta mtandaoni mpaka kifurushi kikataka kukata, nikampata mtu aliyepandisha kaseti nzima, mikwaruzo juu ya mikwaruzo. Ile mikwaruzo ikanirudisha Kivinje sakafuni, mama yangu anasuka ukili, sisi tunataka kugeuza kaseti na yeye anatukemea, "Acheni uishe!" Nilikuwa mdogo, nilidhani anapenda kelele.

Baada ya kiitikio cha pili ngoma inanyamaza, kinanda kinashuka mpaka unadhani umekwisha. Ndiyo maana wanaukata pale. Halafu Kiwembe anarudi kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake popote, sauti ya mtu aliyekaa kwenye kibao cha mbuzi anaongea:

"Kanipa mama mkwe, mimi sikuziiba,
kazifungua khangani kwa mkono wa huba,
kasema shika mwanangu, mie nimeshashiba,
nikibisha nifungulie, usinipe msiba."

Nasra aliacha kunyonya akanitazama, maana nilikuwa nimesimama.

Miaka yote hii wanawake wa pwani wanawatupia mama wakwe zao wimbo ule, kumbe ni wa kumshukuru mama mkwe! Wanautupa nusu. Nusu yenye makali.

Niliwaza sana hawa watu wawili. Hariri kwa uimbaji ni fundi, wala simshushi. Lakini Kiwembe huyu wa kaseti ya kwanza alikuwa anakaa na mkwe wake nyumba moja, unaisikia. Amenuna, amenuniwa, wamegombania ukoko. Ndiyo maana kiitikio kina hasira. Na bado mlango anafungua yeye. Yupo. Anayebisha akibisha, yupo.

Basi nikaamua. Wimbo ule ule.

Asha alishika kichwa. "Umerogwa wewe! Utasimama tena mbele ya watu na wimbo wa matusi?"

Mbwana Spika ndiyo kabisa. "Mama Nasra, mimi nalipwa watu wacheze. Pale katikati kuna kimya kirefu, nikikiacha watu watadhani spika imeungua."

"Waache wadhani."

"Na mkweo akinirushia kiatu?"

"Utakikwepa. Ukishindwa, kitambi kitakipokea."

Akacheka, akaupokea wimbo mzima kwenye simu yake. Nikamwambia jambo moja zaidi, nalo nilimwambia bila kucheka. "Ukiukata, Mbwana, nakata waya." Akaona sina utani.

Leo sasa.

Baada ya adhuhuri, uani kwa jirani, turubai limefungwa na joto limeingia chini yake likakaa nasi. Bi Somoe amemtoa bi harusi, amemfunua, watu wamefurahi, amerudi kwenye kiti chake cha mbele. Tulitoka nyumba moja lakini alipita njia ya nyuma asifuatane nami. Nikampa Asha mtoto. Funguo nilizitoa kwenye rafu asubuhi, nikazifunga kwenye kona ya khanga yangu. Nilisikia uzito wake kila hatua.

Wimbo ukaanza.

"Tobaa! Anarudia!" Safu ya nyuma walinijua kabla sijasimama vizuri. "Leo leo!" "Huyu mkamwana hana woga, msimguse!"

Nilikwenda mpaka kwenye spika, noti mkononi, ya vitumbua vyangu. Nikasimama. Kiitikio cha kwanza kikapita, sikuweka. "Weka basi, unasubiri nini?" Beti ya pili.  Bi Somoe akanitazama kwa mara ya kwanza wiki nzima, macho mekundu. Akachukua mkoba wake, akainuka, akamgeukia bi harusi.

"Mwanangu, ukizaa omba Mungu asikupe wa kiume. Atakuletea mtu."

Watu wakaguna. Akaanza kuondoka.

"Mama, kaa."

Ni mimi niliyesema. Sijawahi kumwambia vile, wala sijui sauti ile niliitoa wapi. "Kaa, nakuomba. Haujaisha."

Hakukaa, lakini hakwenda. Kiitikio cha pili kikaisha. Ngoma ikanyamaza. Kinanda kikashuka, kikashuka. Mtu akauliza, "Umeme?" Wengine wakamgeukia Mbwana, naye ameinua mikono juu, kwamba hajagusa kitu. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko nilivyokisikia nyumbani. Nikadhani ameukata. Wallahi nikatafuta waya kwa macho.

Halafu Kiwembe akarudi.

"Kanipa mama mkwe..."

Hapo ndipo nilipoweka noti. Nikageuka nikamtazama yule yule niliyemtazama Jumamosi iliyopita, nikatembea kwake nikiimba na sauti yangu mbovu. Nikapiga magoti, nikafungua funguo kwenye khanga yangu, nikaanza kuzifunga kwenye yake. Vidole vilikataa. Fundo likafunguka, nikafunga upya, mstari wa tatu ukanipita. Nilimaliza Kiwembe alipofika kwenye msiba.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilisikia mtu analia kwa sauti huko nyuma, na ni yule yule aliyesema nimpe vidonge vyake.

Bi Somoe akalitazama lile fundo.

"Fundo gani hili? Hata mlangoni sifiki nalo."

Akalifungua, akalifunga mwenyewe, mara mbili, akalivuta. Kisha akaufungua mkoba, akatoa noti, akatembea na miguu yake iliyovimba mpaka kwenye sinia, akaiweka juu ya yangu. Akageuka. Hakunitazama mimi. Aliitazama safu ya nyuma, mmoja mmoja, mpaka kila mmoja akapata kitu cha kutazama chini.

"Mbwana," akasema. "Rudisha. Mwanzo mpaka mwisho."

Ndipo vigelegele vikapasuka.

Tuliucheza mpaka wanja wake ukashuka mashavuni. Kufika mara ya tatu kina mama wote walikuwa wameishika ile beti, wanaiimba wenyewe, na pale kwenye kimya wanasubiri vidole juu, kama watoto. Mbwana naye akawa anajifanya aliijua siku zote.

Tuliporudi nyumbani alifungua begi kwanza. Kamba yake akaitundika uani, sasa hivi ina nepi za Nasra. Akafungua kabati, akatoa vikombe vizuri, akateleka chai. Akanipa funguo mbili, wa vyombo na wa stoo. "Shika, mgongo wangu hautaki kuinama kila saa. Wa sukari sitoi. Wewe una mkono mwepesi wa kumwaga."

"Sawa, Mama."

Nikakaa chini, Nasra mapajani.  Halafu, kwa mazoea ya wiki nzima, akamwinamia mtoto.

"Nasra, mwambie mama yako chai inapoa."

Mama yako. Si mwenye nyumba, si mwenye funguo.

Nikanywa chai tamu, shajara yangu. Tamu mpaka meno yakashtuka.

Nilijidai kidogo, nikamweleza nilivyolinganisha zile nyimbo, kwamba Hariri wake ukimsikiliza vizuri haji, wimbo unaisha mtu hajafika. Akanitazama kama ananionea huruma.

"Najua haji. Kwani unadhani asubuhi nalilia nini?"

 Kumbe alikuwa amemsikiliza Hariri mpaka mwisho kabla yangu, miaka mingi kabla yangu. Kwa hiyo ule ushindi wangu wa masikio naurudisha, Hariri naye ni mkweli, hilo la kutokuja alilificha pale pale ndani ya maneno. Ila ushindi mwingine siurudishi. Huo ni wangu.

Ukiniuliza yupi zaidi, nitasema Kiwembe, na nitagombana na mtu yeyote. Hata hivi sasa namsikia Bi Somoe uani anaosha mchele wa vitumbua, anaimba ile beti ya tatu, na kila akiinama funguo zinagongana kwenye kona ya khanga yake. Tulipokuwa tukirudi alidai wimbo wenyewe haujui vizuri.

Gari la Kipatimu litaondoka asubuhi bila mtu wetu. Kesho alfajiri nitamwomba sukari ya vitumbua. Atanipimia kwa kijiko, atanisema, atamwambia Nasra mama yake ni mharibifu.

Na nitapewa.